Herufi Moja Kati ya Kuhamia na Kuvamia

Nilikosea herufi moja, mjomba akagonga meza.

Alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni ya mashine ya fotokopi, kofia magotini, anasoma kwa sauti muhtasari niliomchapia. Nina steshenari ndogo hapa Bukoba, na kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu wengine: barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za mazishi, malalamiko kwa mkuu wa wilaya. Mjomba ni mwenyekiti wa kijiji. Siku hiyo alikuja na kurasa tatu za mwandiko wa mtendaji, moja ina duara la kikombe cha chai.

Ukurasa wa pili akasita.

"'Watu kumi na wanne waliohamia msitu wa kijiji.' Waliohamia?"

Nikachungulia karatasi ya mkono. Mtendaji aliandika *waliovamia*. Vidole vyangu vilikuwa vimejiamulia vyenyewe.

"Rekebisha, mwanangu. Ukiandika hivyo nitaonekana nimewakaribisha."

Nikafuta h, nikaweka v. Nikatoa nakala tatu. Akalipa nusu bei, maana mjomba siku zote hulipa nusu bei na bado hudai risiti, akaenda zake stendi.

Yangeishia hapo. Ila jina la saba kwenye ile orodha nilikuwa nalijua.

Namba saba

Utotoni tulimwita Mama wa Mtoni, kwa kuwa alitokea ng'ambo ya Mto Kagera. Alivuka mwaka 1978. Aliyekulia upande wetu haitaji kuelezwa kuvuka mwaka huo kulikuwaje. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto, zaidi ya kilometa za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa.

Yeye aliwahi kupita kabla daraja halijavunjwa. Alikuwa na sufuria, panga na mbuzi mmoja, na mbuzi akamshinda njiani.

Mjumbe wa nyumba kumi wa wakati ule alimwonyesha kipande kando ya msitu, akamwambia, "Lima hapa kwanza." Hilo "kwanza" limezidi miaka arobaini. Ana migomba, ana kahawa, ana makaburi mawili nyuma ya nyumba. Mwaka 2009 kijiji kikafanya mpango wa matumizi ya ardhi, wapimaji wakaja na kamba na ramani, na mstari wa msitu ukapita mbele ya mlango wake badala ya nyuma ya migomba yake.

Kwa hiyo mwanamke aliyekimbia uvamizi ameandikwa mvamizi.

Na aliyeandika ni mimi.

Nzige na senene

Wiki zilizofuata nilikuwa kama mtu mwenye punje ya mahindi kwenye jino. Kila mahali nalisikia neno lile lile. Majambazi wamevamia duka. Tembo wamevamia mashamba. Mashabiki wamevamia uwanja. Fulani kavamia fani, yaani anaimba na hajui kuimba. Rafiki yangu akanitumia ujumbe: "Jumamosi nakuvamia, andaa senene."

Huo ujumbe ndio ulionichekesha, kisha ukanisimamisha.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani walipoingia Kenya, redio zote zilitangaza uvamizi wa nzige. Sawa. Lakini senene nao huja kwa makundi, usiku, bila hodi, wanajaa kwenye taa, kwenye nywele, kwenye vikombe. Hujapata kusikia Bukoba nzima mtu akisema senene wamevamia. Tunasema senene wameanguka, kama mvua, kama neema. Watoto wanatoka na ndoo.

Wote wawili ni panzi. Wote wawili hawakualikwa. Mmoja anakula chakula chetu, mwingine ni chakula chetu. Neno linafuata tumbo.

Nilipoliona hilo kwa wadudu nikaanza kuliona kwenye vitabu vya historia, na huko hakuna cha kuchekesha. Daftari langu la shule lilikuwa na kichwa "Kuja kwa Wareno". Vasco da Gama *alifika* Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye Wareno haohao waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa, na daftari bado linasema walikuja, kama shangazi aliyekuja likizo. Seyyid Said naye *alihamishia* makao yake Zanzibar. Huyu amepewa herufi h, tena yenye heshima, kana kwamba alikodi lori akapakia makabati.

Mataifa ya leo yamejifunza ujanja huu vizuri zaidi. Kenya ilipopeleka majeshi Somalia Oktoba 2011, kazi ile iliitwa Linda Nchi. Urusi ilipoingia Ukraine Februari 2022 ilisema ni operesheni maalumu ya kijeshi, na siku chache tu baadaye ikatunga sheria ambayo mtu anayeambiwa amesema uongo kuhusu majeshi yake anaweza kufungwa hadi miaka 15. Hata neno lenyewe, ukilitamka hewani, lilikuwa balaa. Redio za Kiswahili za nje zilisema "uvamizi" mchana kutwa na hakuna aliyekuja kuwakamata.

Hapa naandika kwa tabu

Ni rahisi kuwacheka Warusi. Sasa njoo nyumbani.

Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa mwanzoni mwa Novemba 1978, alisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wazee wa kwetu bado wanaikariri kama sala. Jeshi letu likamrudisha Amin ng'ambo ya mpaka. Halikuishia mpakani. Mapema mwaka 1979 likavuka, likachukua Masaka, na tarehe 11 Aprili, pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe, likaingia Kampala.

Sisi tunaiita Vita vya Kagera. Ngoma ilifika hadi Kampala, lakini jina limebaki na mto wetu.

Julai 1979, kwenye mkutano wa marais wa Afrika kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwenzake. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, nilikasirika kama vile wamemtukana baba yangu. Amin aliua watu wetu, amechoma nyumba zetu, halafu sisi ndio wa kulaumiwa? Na bado nimejaribu, kwa ajili ya makala haya tu, kuchapa maneno mawili, "uvamizi wa Tanzania". Niliyachapa nikayafuta. Nikayachapa tena.

Sikatai kwamba ilikuwa haki kumfuata. Naamini ilikuwa haki. Ninachosema ni kwamba mkono ulikataa kabla kichwa hakijafikiri, kama ulivyokataa siku ya muhtasari. Kwa mama yule ulichagua h, kwa nchi yangu ukataka jina la mto. Kwa watu wengine kumi na watatu kwenye orodha, nisiowajua, sidhani kama ungejisumbua.

Mgeni wa mahindi

Labda wanasayansi wana neno safi zaidi, nikajisemea. Wao wana vipimo.

Mkulima mmoja alikuja kuchapisha mabango ya mafunzo kuhusu *viwavijeshi vamizi*. Nikamuuliza hao vamizi wanatofautianaje na viwavijeshi tuliowajua tangu zamani, maana wale nao wakishuka kwenye shamba hawaachi jani. Akasema, "Hawa wapya wametoka Amerika. Wale ni wa kwetu."

Basi. Kuvamia si kitendo tena, ni mahali ulikozaliwa. Kiwavi wa kwetu anamaliza ekari mbili na anaitwa kiwavijeshi tu. Wa Amerika, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ni vamizi hata akiwa bado yai.

Kinachonifurahisha, ingawa mkulima hakukiona cha kufurahisha, ni kwamba mahindi yenyewe yametoka Amerika. Yametoka bara lile lile na kiwavi. Yametangulia karne kadhaa tu, tukayapa shamba, tukayapa jina, leo mtu akikwambia ugali si chakula cha asili mnagombana. Kiwavi amemfuata mwenyeji wake wa zamani, amemkuta kwetu ameshakuwa mwananchi.

Magugumaji nayo ni wageni kutoka Amerika Kusini, na yaliingia Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1980 yakielea juu ya mto uleule wa Kagera, kutokea Rwanda. Watu waliyapanda kwanza kwa uzuri wa ua lake. Sangara hakuvamia hata kidogo: alichukuliwa Ziwa Albert miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 na watu wazima wenye akili timamu, akamwagwa Victoria kwa makusudi, akala furu kwa mamia ya aina. Leo anaitwa samaki vamizi. Waliombeba hawana jina.

Hilo la sangara linaniuma kuliko yote. Neno linamshika aliyeonekana mlangoni, na aliyefungua mlango anaenda zake.

Babu zetu wa Buhaya walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Zamani za wafalme kulikuwa na nyarubanja. Ulilala ukiwa na kibanja chako, ukaamka asubuhi unaambiwa mfalme amempa mkubwa fulani eneo lote, na wewe sasa ni mpangaji wake. Hakuna aliyehama. Hakuna aliyevamia. Migomba ni ileile, umande ni uleule, na umegeuzwa mgeni ukiwa umelala.

Mstari wa mwaka 2009 ulipita namna hiyo.

Nilikwenda kumwona

Nilikwenda Jumapili na sukari na sabuni za mche. Nilimkuta anatandaza nyasi kwenye migomba, nyasi za rweya, ile mbuga ya majani, polepole, kila shina na fungu lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Nikazunguka sana kabla ya kusema. Mwishowe nikasema: kuna orodha, jina lako limo, wamekuandika mvamizi.

Aliendelea kutandaza. Kisha akauliza, "Nani kaandika?"

"Mtendaji. Mimi nilichapa."

"Ulilipwa?"

"Nusu bei."

Akacheka kicheko kifupi, akakaa kwenye gogo. Nikamweleza mpango wangu, ambao nilikuwa nimeufikiria kwenye basi na nikauona ni mzuri sana: nitamwomba mjomba turudishe ile h. Waliohamia. Neno la amani. Halimtukani mtu.

Akanitazama kama mtu anayetazama noti yenye mashaka.

"Mimi sikuhamia," akasema. "Anayehama anafunga mizigo, anaaga, anapakia. Mimi nilikimbia. Unataka kunifutia hata hilo?"

Nikanyamaza.

"Na hao wengine uwaite waliohamia? Wale wawili wanaokuja na lori usiku, na msumeno wa injini, wanapakia magogo wanaondoka kabla hakujakucha? Hao ni wavamizi. Waandike. Wala usiwapunguzie. Na Amin alivamia. Mtoto wa watu asije akasoma siku moja kwamba Amin alihamia."

Hapo mpango wangu wa basi ulikufa, na nashukuru ulikufia shambani kwake na si ofisini kwa mjomba. Nilikuwa nimekwenda kulilainisha neno ili limfae mtu mmoja ninayempenda, na kwa kulilainisha ningewaosha wenye lori. Kosa la mtendaji halikuwa kutumia neno kali. Alilitandaza juu ya watu kumi na wanne kwa usawa, kama nyasi.

Na h yenyewe si malaika. Mwaka 2013 mkoa wetu huuhuu ulipitia Operesheni Kimbunga. Watu waliokuwa wameishi hapa miongo, wengine wamezaa na kuzika hapa, waliondoshwa, na kwenye matangazo hawakuitwa wavamizi. Waliitwa wahamiaji. Neno "haramu" likaongezwa nyuma, basi, kazi ikafanyika ileile.

"Sasa niandike nini?" nikamuuliza.

"Andika nilikimbilia. Na mwaka uandike."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo cha mwanawe wa kwanza kuzaliwa upande huu wa mto. Januari 1979.

Safu ya tatu

Nilichapa orodha upya. Hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa na safu mbili, namba na jina. Nikaongeza ya tatu: *Tangu lini*. Kwa maana hicho ndicho kitenzi kile kinachokificha siku zote. "Amevamia" haisemi lini. Ukilitamka tu, unaona mtu akiruka ukuta sasa hivi, hata kama ukuta umejengwa yeye akiwa ndani na wajukuu. Sheria yenyewe haikusahau saa: kati ya mtu na mtu, ukikaa miaka 12 bila kudai ardhi yako, mlango wa mahakama unafungwa. Sisi kwenye maneno hatuna ukomo huo.

 Safu yenyewe nikaiacha wazi. Nikampigia mjomba aje.

Alikuja na hasira, kama nilivyotegemea. "Hiyo safu kakuagiza nani? Wewe ni mchapaji." Ni kweli, mimi ni mchapaji. Nikamwambia sijagusa neno lake. Kichwa cha juu bado kinasema wavamizi, na v yake ipo. Nimeongeza nafasi tu.

Akasema kata watauliza. Nikasema wacha waulize. Akasema mtendaji atanuna. Nikamwekea chai.

Akakaa na karatasi muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua. Mteja akaingia kutoa kopi ya kitambulisho, akatoka. Mwingine akaja kuulizia bahasha.

Kisha akaomba kalamu. Sikumwambia kitu. Mjomba amezaliwa pale, anamjua kila mtu, na ubishi wake wote hauwezi kushindana na raha ya mzee anayekumbuka. "Huyu alikuja wakati wa wakimbizi, 1994. Huyu ni 2003, alimfuata mkewe. Huyu... huyu baba yake alikuwa pale kabla yangu." Kalamu ikasimama kidogo hapo, halafu ikaendelea.

Kwenye namba saba aliandika 1978 bila kuniuliza. Cheti nilikuwa nimekiweka mezani, hakukitazama.

Kwenye majina mawili ya mwisho, wale wa lori, hakuandika mwaka. Aliandika: *usiku*.

Karatasi imekwenda kata, na hadi naandika haijajibiwa. Mtendaji amenuna kweli. Cheti cha ubatizo bado kiko kwangu ndani ya faili la plastiki, juu kabisa ya kabati panya wasipopafikia. Mama wa Mtoni amemtuma kijana wa bodaboda kunikumbusha kwamba niliahidi kukirudisha kabla senene hawajaanguka.